Mpokea Meli wa Nansio

Masalu hakuwa kapteni wala fundi wa injini. Kazini aliandikwa mfanyakazi wa sitaha, maana yake mtu wa kamba na ufagio. Lakini miaka ile ungeshuka Nansio ukauliza meli ni ya nani, ungeonyeshwa yeye. Meli yenyewe ilikuwa na jina zuri la kiserikali limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe, jina ambalo hakuna aliyejisumbua kulitumia. Kisiwa kizima cha Ukerewe kiliiita Chuma. Chuma imefika, Chuma imechelewa, Chuma haina mafuta wiki hii.

Umaarufu wa Masalu ulitokana na mguu wake wa kulia. Chuma ilipokaribia gati, Kapteni Cleophace alipunguza injini akaiacha ije yenyewe polepole. Hapo Masalu aliketi pembeni kabisa, pale ukingo ulipokatwa ili abiria washukie, mkono mmoja umeshika nondo, akaunyoosha mguu mbele kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Unyayo uligusa gogo la gati, goti likajikunja taratibu, meli ikatulia. "Kaipokea!" walipiga kelele akina mama waliosubiri na matenga ya machungwa, na wengine walipiga vigelegele hasa, utadhani ameshuka bwana harusi. Masalu hakucheka. Alirusha kamba, akasimama, akajipangusa suruali, mtu mzima mwenye heshima zake.

Kupokea alijifunzia mtumbwini. Baba yake alikuwa Msukuma aliyevuka kutoka ng'ambo kufuata mabonde ya mpunga, na pwani ya kisiwa kile, kama unaijua, ni mawe matupu. Anayekaa mbele ya mtumbwi ndiye anayetanguliza mguu ili mbao zisipasukie kwenye jiwe. Hakuna anayefundishwa. Mtoto anaona, siku moja anakaa mbele, mguu unakwenda wenyewe. Masalu alipopata kazi melini alikwenda na mguu ule ule, na kwa kuwa hakuna aliyemkataza, akaendelea nao hadi mvi zikaingia.

Binti yake Odeta alikulia katika sifa hizo. Alipokuwa mdogo alisimama gatini na wenzake akapiga kelele kuliko wote, na akigombana na mtoto mwingine silaha yake ilikuwa moja: baba yangu anasimamisha meli, wa kwako anasimamisha nini? Alikuwa na akili darasani. Akachaguliwa sekondari Mwanza, na huko, katika kidato cha tatu, akakutana na momenta.

Tuseme ukweli, hakuielewa. Wachache huielewa. Mwalimu aliandika ubaoni kwamba uzito ukizidishwa kwa mwendo ndiyo momenta, na kwamba vitu vikigongana, jumla ya momenta kabla ya mgongano ni sawa na jumla yake baada ya mgongano. Odeta akakariri kama watu walivyokariri sala za Kilatini, akafaulu mtihani, akaenda chuo cha ualimu akiwa bado hajui alichokisema. Kilichomfumbua macho ni mkokoteni. Siku hiyo alikuwa akishuka mtaani Mwanza, kwenye ile miteremko inayopita katikati ya mawe, akawaona wanaume wawili wakiteremsha mkokoteni uliojaa magunia ya mbegu za pamba. Walikuwa mbele, wameshika mti wake, wanauvuta. Kisha wakawa hawavuti tena. Mkokoteni ndio uliokuwa ukiwasukuma, nao wanakimbia mbele yake huku miguu inaparaza changarawe, mpaka ulipoingia kwenye ukuta wa duka la ushirika na kubomoa nusu yake. Wenyewe waliruka pembeni wakapona. Odeta alisimama pale na vitabu vyake kifuani, na somo la kidato cha tatu likamwingia lote kwa mpigo. Kinachotembea kimebeba mzigo wa mwendo wake, na mzigo huo haupotei hewani. Lazima apatikane wa kuupokea. Anayeupokea polepole, kidogo kidogo, hupona. Anayeupokea kwa ghafla huupokea wote.

Alipofika bwenini akaukumbuka mguu wa baba yake, akashindwa kula.

Likizo iliyofuata alipanda Chuma kwenda nyumbani, na kwa mara ya kwanza hakupiga kelele. Aliinama ukingoni akaangalia. Akaona maji yakichemka nyuma ya meli pale kapteni alipotia gia ya nyuma. Akaona matairi chakavu ya malori yaliyoning'inizwa ubavuni yakibanwa na gati, yakibonyea, yakilia. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakiipokea meli. Mguu wa baba ulifika mwisho kabisa, Chuma ikiwa imekwisha kutoa karibu mzigo wote wa mwendo wake, na goti likajikunja, na watu wakashangilia. Siku gia ya nyuma ingechelewa, mguu ungefika kwanza.

Alimweleza siku hiyo hiyo, wakiwa wamekaa uani, mama yake Paskazia akichambua mchele. Alikosea hapo, kwa sababu kuna mambo ambayo mwanaume haelezwi mbele ya mkewe.

"Kwa hiyo nani anayeisimamisha?" Masalu aliuliza.

"Gia ya nyuma, baba. Na matairi."

"Na mguu?"

"Mguu unasindikiza tu."

Masalu alitazama mguu wake, akautazama tena, kama mtu aliyeambiwa kwamba mtoto si wake. "Nimeajiriwa kabla hujazaliwa," akasema. "Sijawahi kuteguka hata kidole."

"Mwache baba yako," Paskazia akasema bila kuinua macho kwenye ungo. "Unaleta ya shuleni kwenye mchele."

Miaka ikapita hivyo. Odeta akawa mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya wasichana Mwanza, akafundisha momenta kila mwaka, na kila mwaka alipofika kwenye mgongano sauti ilimkauka na wasichana wakadhani ni chaki. Mfano wa meli na mguu hakuutumia hata mara moja. Nchi nayo ikaingia kwenye dhiki. Vita vya Kagera vilikwisha, wanajeshi wakarudi, sukari haikurudi. Sabuni ilikuwa ya foleni. Na kama sabuni ni ya foleni, usiulize vipuri.

Ndiyo habari Kapteni Cleophace aliyompa Odeta siku alipomfuata bandarini Mwanza. Cleophace alikuwa Mhaya wa Bukoba, nadhifu, shati lake jeupe limepigwa pasi hata wiki zile ambazo hakuna mtu mwingine mjini aliyekuwa na mkaa wa pasi.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kwa ajili ya mguu wa mzee."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu kila anayesoma fizikia akiuona huja kwangu. Nilimkataza, mwalimu. Nilimkataza mara ya kwanza, akina mama wa gatini wakauliza kama Masalu anaumwa. Nikamkataza tena, akanijibu kwa adabu sana, ndiyo Kapteni, halafu akanyoosha." Akamsogeza pembeni, mbali na wapakiaji. "Sasa nikwambie lisilokupendeza. Gia ya nyuma inateleza. Naitia, inakamata, inaachia, inakamata tena. Tumeomba kipuri Dar, tumejibiwa fedha za kigeni hakuna. Ninachofanya ni kupunguza injini mapema zaidi na kumwomba Mungu."

Odeta alirudi nyumbani akijua kitu ambacho angeomba asikijue. Alikuwa na hesabu yote mkononi. Alijua uzito wa Chuma, alijua mwendo wake, alijua mfupa wa mtu unavumilia kiasi gani, na elimu yote hiyo haikuwa na mpini wa kushikia. Ungemwambia nini mtu ambaye jibu lake ni kwamba hajawahi kuteguka kidole?

Basi akamwonyesha. Likizo ya Pasaka alikwenda kwa mchinjaji wa Nansio akachukua kongoro, mguu mzima wa ng'ombe kuanzia kwato hadi juu ya goti, na asubuhi ya Chuma kufika akaenda nao gatini. Aliufunga kwa kamba ya katani kwenye lile gogo la baba yake, ukiwa umelala, ncha yake imeelekea ziwani kama mguu ulionyooshwa. Watu wakajaa. Walidhani ni dawa. Mmoja akauliza mwalimu mzima anaroga mchana, wakacheka, na Odeta naye akacheka huku akilikaza fundo.

Chuma ikaja. Masalu alikuwa ameketi mahali pake.

"Baba!" Odeta akaita. "Leo mwache huyu apokee!"

Masalu aliona, akatabasamu, akarudisha mguu ndani kama mtu anayempisha mgeni. Alikuwa na imani kabisa na yule ng'ombe. Meli ikaingia taratibu kama siku zote, mtu angeweza kutembea kando yake bila kuharakisha. Ikaigusa ile ncha. Mlio ukatoka kama wa kuni kavu, na kongoro likapasuka kwa urefu, uboho ukachuruzika kwenye gogo, na Chuma ikaendelea na safari yake mpaka kwenye matairi kana kwamba haikukutana na kitu.

Hakuna aliyepiga kelele. Masalu alirusha kamba kwa mkono uliozoea, akashuka, akachuchumaa mbele ya lile gogo. Alitia kidole kwenye ufa wa mfupa. Kisha akalifungua kongoro mwenyewe na kulibeba begani hadi nyumbani, watu wakimpisha njia. Paskazia alikataa kulipika. Alisema hawezi kutia jikoni mguu wa mume wake.

Kesho yake Masalu aliuliza maswali kwa mara ya kwanza, na Odeta hajawahi kuwa na mwanafunzi mzuri kama yule. Walikwenda ufukweni na mtumbwi wa jirani. Ukiwa mtupu, Masalu aliusukuma kutoka mbali na Odeta akauzuia kwa kiganja. Wakaujaza mchanga wenye maji, akausukuma kwa mwendo ule ule, ukamchukua Odeta na gauni lake ukamkalisha majini. Mzee alicheka mpaka akashika magoti.

"Mwendo ni ule ule," akasema. "Ila huu umebeba zaidi."

"Ndiyo hiyo, baba. Sasa Chuma imebeba kiasi gani?"

Masalu akaacha kucheka. "Na goti langu?"

"Goti lako limekuwa likijikunja kwa wakati. Linaupa mzigo muda wa kupungua. Siku likikawia, ni lile kongoro."

Akaanza kuchota mchanga kwa mkono kutoka mtumbwini. "Mayu," akasema, maana Wasukuma humwita binti mama, "kwa hiyo miaka yote hii sikuwa nikifanya kitu."

"Hukuwa ukifanya kitu, baba."

Alimwambia hivyo kwa sababu aliutaka mguu ubaki mzima. Mbele ya mguu wa baba yake hakutaka kubembeleza maneno. Na mguu akaupata. Tangu wiki ile Masalu alisimama wima na kamba yake, nyayo zote mbili sitahani. Akina mama wa gatini walimtania wakachoka. "Mzee Masalu, mguu umestaafu?" "Kongoro limemtisha!" Aliendelea kukunja kamba yake. Paskazia alisema mumewe amekuwa mpole sana, anakula bila kusifu wala kulaumu, lakini Odeta hilo hakulitilia maanani. Alirudi Mwanza, akafundisha momenta, na mwaka huo sauti haikumkauka.

Jumapili moja mchana, mvua za vuli zikiwa zimeanza, Masalu alitokea kwenye nyumba za walimu. Hakuwa amekuja na Chuma. Alikuwa amevuka kwa mtumbwi hadi Kisorya na kuzunguka kwa basi kupitia Bunda, safari ambayo hakuna mtu wa Nansio anayeifanya kwa hiari. Suruali ilikuwa na matope hadi magotini.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Alikaa kwenye kiti, akakubali maji, akayashika bila kunywa. Odeta alitazama miguu yake kabla ya kutazama uso. Ilikuwepo yote miwili. Akamshukuru Mungu moyoni, na baadaye aliichukia shukrani ile.

"Gia imekufa," Masalu akasema. "Kapteni aliitia, ikaachia moja kwa moja. Tulikuwa tumekwisha kuingia."

"Umeumia?"

"Mimi?" Akamtazama kama hakuelewa swali. "Longino. Mume wa Justa."

Odeta aliwajua. Justa alikaa naye dawati moja shule ya msingi. Longino alikuwa mvuvi mwenye mtumbwi mdogo, na siku za Chuma alisogea nao gatini kuuza samaki kwa abiria, akaufunga pale pale upande wa kushukia, kati ya meli na gati, kwa kuwa hapo ndipo wateja walipo. Wengi walifanya hivyo. Meli ilikuwa haijawahi kumgusa mtu.

Masalu alisimulia akitazama maji kwenye kikombe. Kapteni alipiga honi mfululizo. Mitumbwi mingine ikaondoka. Kamba ya Longino ilikuwa imelowa, fundo likakaza, akainama kulihangaikia. Masalu akampigia kelele aruke majini. Longino akainua kichwa, na badala ya kuruka akamtazama Masalu. Si uso. Alimtazama miguuni.

"Nilikuwa mbele, mahali pangu," Masalu akasema. "Nilikuwa naweza kukaa. Nafasi ilikuwepo ya kukaa na kunyoosha. Nikapiga hesabu yako, mayu. Nikaona mchanga ule mtumbwini, nikaona kongoro. Nikajua haisaidii. Nikasimama na kamba mkononi mpaka tukafika."

Chuma ilimbana Longino na mtumbwi wake kwenye magogo. Watu wa gatini walisukuma kwa mikono, kwa miti, kwa migongo. Walipomtoa alikuwa hai bado, akafa kabla ya kufika hospitali.

Tume ilikuja, ikafungua injini, ikaiona gia. Kapteni Cleophace akaitwa Mwanza na kusimamishwa kazi. Masalu hakuulizwa chochote zaidi ya jina lake. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomtafuna. Watu walimsalimia, wakamwamkia, wakampisha njia. Ila makaburini, udongo ukishindiliwa, Justa alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, akiwatazama wote: siku zote alinyoosha, mbona leo hakunyoosha?

"Jibu nilikuwa nalo," Masalu akasema. "Lakini ni jibu lako, si langu. Mdomoni mwangu halikai. Nikisema mguu hausaidii, wataona mtu mwoga anajitetea. Njoo umweleze wewe. Wewe ni mwalimu, na mlisoma pamoja. Mweleze kwamba hata ningenyoosha, angekufa vile vile. Akielewa yeye, na mimi nitaweza kukaa pale kijijini."

Odeta aliomba ruhusa shuleni, wakaondoka. Kisorya wakapata mtumbwi, na kwa kuwa alikuwa mtu mzima alikaribishwa kukaa mbele. Walipofika upande wa Ukerewe jiwe likaja, na Masalu akaliangalia likija, mikono mapajani. Mtumbwi ukagonga, ubao ukalia, abiria wakayumba.

"Mzee!" mwenye mtumbwi akafoka. "Wewe si mtu wa ziwa?"

Masalu akaomba radhi. Odeta alilitazama lile goti, halikuwa limesogea hata kidogo, na akahisi kitu kibaya ambacho hakuweza kukipa jina. Alikuwa ameuokoa mguu, lakini hakujua ameuokoa kwa ajili ya nani.

Msibani watu walikuwa wachache, matanga yalikwisha kuanuliwa, wamebaki ndugu. Masalu alisema atasubiri uani chini ya ukuta wa jiko, asingeingia. Odeta akavua viatu akaingia. Justa alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto mdogo amelala mapajani mwake, kanga imefungwa kichwani. Alisogea, akampa nafasi, kama walivyokuwa wakisogezana kwenye dawati.

"Pole, Justa."

"Ahsante. Nimeshapoa, maana hakuna namna. Umekuja na mzee?"

"Yuko nje."

"Nimemwona."

Odeta alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Akayatoa. Alieleza kama alivyojua, bila kiburi na bila kitabu. Uzito wa Chuma. Mwendo ambao machoni ni mdogo, ila ukibebeshwa uzito ule unakuwa mzigo ambao magogo ya gati yenyewe yalitikisika kuupokea. Akaeleza kwamba walikuwepo wanaume waliosukuma kwa nguvu zao zote na meli haikuwajua. Akaeleza kuhusu kongoro, ambalo Justa alikuwa amelisikia. Sauti ilimkauka katikati, akaendelea. Mwishoni akasema kwamba baba yake angenyoosha, kungekuwa na watu wawili waliovunjika badala ya mmoja, na Longino angekufa vile vile.

Justa alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Alimgeuza mtoto upande wa pili.

"Kwa hiyo mguu hausaidii kitu."

"Hausaidii."

"Hata kidogo?"

Odeta alifungua mdomo kusema hata kidogo. Ilikuwa rahisi, neno lilikuwa pale pale, na alikwisha kulisema ufukweni siku ile. Lakini aliyekuwa mbele yake alikuwa Justa, na aliyekuwa akiulizwa alikuwa mwalimu, na yeye aliijua hesabu. Kila kinachosukuma hupunguza kitu. Mguu, mkono, hata mtoto angeegemea Chuma kwa kidole, kingepungua kitu. Alikwisha kupiga hesabu hiyo peke yake mara nyingi. Kwa mguu wa baba yake meli ingekawia kidogo sana, chini ya muda wa kupepesa jicho. Fundo lisingefunguka kwa muda huo. Mtu asingeruka. Haukutosha kwa lolote.

"Msaada kidogo upo," akasema. "Lakini ni mdogo mno, Justa. Huwezi kuupima. Usingebadilisha chochote."

"Lakini upo."

"Upo."

Justa akaitikia kwa kichwa. Alikaa hivyo, akimpigapiga mtoto mgongoni.

"Basi si angempa hicho," akasema. "Longino alikuwa anamwangalia. Angempa tu hicho kidogo, afe anajua kuna mtu alijaribu."

Odeta alikaa naye mpaka mtoto alipoamka na kutaka kunyonya, kisha akasimama, akavaa viatu mlangoni.

Masalu alikuwa amesimama pale pale ukutani. Alimtazama usoni kama wasichana wanavyomtazama siku ya matokeo.

"Umemweleza?"

"Nimemweleza, baba."

"Ameelewa?"

Odeta alitazama pembeni, kwenye ua wa Justa, nyavu zimeanikwa na hakuna wa kuzianua.

"Ameelewa."

Masalu akashusha pumzi ndefu, mabega yakashuka. "Afadhali," akasema, akamshika binti yake mkono, wakaenda zao nyumbani.